Mtambo Ukiharibika Nani Ataitwa? Ujenzi wa Ulimwengu wa Matumaini katika Bunilizi ya Kiswahili

Utangulizi

Tangu kidato cha kwanza tumeambiwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hii imekaririwa madarasani na katika karatasi za mitihani hata imekuwa mithili ya dua ambayo mtu huiitikia "amina" bila kuuliza imeomba nini. Kauli yenyewe si ya uongo. Hata hivyo ina upungufu, kwa kuwa kioo humwonyesha mtu sura aliyo nayo sasa na vitu vilivyo nyuma yake. Njia iliyo mbele hakimwonyeshi. Makala haya yanahusu fasihi inayothubutu kutazama mbele, yaani bunilizi inayojenga ulimwengu ambao haujakuwako, wenye sayansi na teknolojia iliyopea, na ambamo binadamu wanaishi vyema kuliko tunavyoishi leo.

Swali lililozaa makala haya liliulizwa jioni moja tulipokuwa tukisomeana kazi zetu za kubuni. Mwandishi wa makala haya alikuwa amesoma hadithi fupi yenye mandhari ya Lamu ya mwaka 2080. Katika hadithi hiyo majahazi yaliendeshwa kwa nguvu za jua, taa hazikuzimika kamwe, na mtambo mkubwa uliyachuja maji ya bahari na kuyafanya matamu, kila nyumba ikapata ya kutosha bila malipo. Wasikilizaji walipiga makofi. Kisha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, aliinua mkono akauliza: "Kaka, huo mtambo ukiharibika usiku, nani ataitwa? Na hiyo chumvi inayotolewa majini itamwagwa wapi?" Jibu halikupatikana. Mwandishi alijitetea kwamba hiyo ni hadithi tu, naye yule dada akasema kwa upole kwamba kwao maji ni shughuli ya kila siku, hivyo hawezi kuyaamini maji yasiyo na mwenyewe.

Dai la makala haya linatokana na swali hilo. Tunadai kwamba matumaini katika bunilizi hayaletwi na wingi wa mitambo wala na uzuri wa maelezo yake. Huletwa na uaminifu wa mtunzi katika kuonyesha namna mitambo hiyo inavyotunzwa, anayegharimika ili ifanye kazi, na ugomvi unaobaki hata baada ya mambo kutengenea. Pasipo haya, mtunzi humpa msomaji picha ya kutazama tu, si ulimwengu wa kuishi.

Maana ya Ujenzi wa Ulimwengu

Katika uhakiki wetu tumezoea kuzungumzia mandhari, yaani mahali na wakati wa matukio. Ujenzi wa ulimwengu ni dhana pana zaidi. Mandhari huweza kuazimwa: mtunzi akiandika "Mombasa", msomaji huuleta mji huo mwenyewe kutoka katika kumbukumbu zake. Mtunzi wa ulimwengu wa kubuni hana pa kuazima. Inambidi aamue watu wake wanakula nini, nani hulima, mzozo wa mpaka huamuliwa wapi, mtoto hufunzwa nini, na maiti huzikwaje. Aidha, maamuzi hayo sharti yakubaliane. Akisema kwamba safari ya Kisumu hadi Lamu huchukua dakika 20, basi bei ya samaki wa Lamu imebadilika, ndoa za mbali zimekuwa za karibu, na pengine maana ya neno "mgeni" nayo imebadilika. Jambo moja likiguswa, mengine hutikisika.

Sanaa hii si ngeni katika Kiswahili. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaijenga Pate chumba kwa chumba: taa zake, vyombo vyake, wakaazi wake na fahari yao, kisha unatuonyesha popo na buibui waliorithi majumba hayo. Tunahuzunika kwa sababu mshairi alituzungusha ndani ya nyumba kabla ya kutuonyesha gofu. Huo ni ujenzi wa ulimwengu uliokamilika, ila umeelekezwa nyuma, kwa kilichopotea. Hali kadhalika ngano zetu hufunguliwa kwa "hapo zamani za kale". Swali letu ni iwapo ustadi huo huo unaweza kugeuzwa uelekezwe mbele.

Dunia za Kubuni katika Riwaya ya Kiswahili

Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa katika nchi nyingine. Wajumbe hao walirudi na maarifa ya namna nchi inavyoweza kutengenezwa, wakaishia gerezani. Riwaya hii iliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, na funzo lake halijachakaa: aletaye habari za ulimwengu mwingine uwezekanao huonekana hatari kuliko mwizi. Lakini tukumbuke pia kwamba nchi hizo bora tunazisikia kwa mbali, katika simulizi ndani ya simulizi. Hatuishi humo.

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 2004, alipiga hatua kubwa zaidi katika Walenisi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, na hukumu inatekelezwa kwa kumtia katika chombo cha angani. Chombo kilichokusudiwa kumwangamiza ndicho kinachomfikisha Walenisi, nchi ya usawa na haki ambayo jina lake, likitenganishwa, husomeka "wale ni sisi". Kwa maoni yetu hapa pana mojawapo ya fikra zenye nguvu zaidi kuhusu teknolojia katika riwaya ya Kiswahili. Mkangi hakisifu chombo wala hakilaani. Anaonyesha kwamba chombo kile kile ni jeneza au ni safina, kulingana na aliyeshika usukani. Hata hivyo, wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama istiari ya siasa pekee, wakakipita chombo chenyewe kama kwamba ni punda wa kumfikisha mhusika sokoni.

Baada ya hapo upepo uligeuka. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila ni riwaya zinazovunja mipaka ya uhalisia ili kuushtaki utandawazi. Babu anarudi kutoka kwa wafu kumwonyesha K, mtu wa tabaka la juu, hali ya watu aliowasahau. Msafiri wa Wamitila anaizunguka dunia iliyofanywa kijiji kimoja, na kijiji hicho kina wenye nacho na wasio nacho. Kazi hizi ni za thamani kubwa na hatuziondolei sifa. Tunachosema ni kwamba zilitufundisha kuogopa kesho kwa ufasaha, lakini lugha ya kuitamani kesho bila kudanganyika imebaki changa.

Mifano Miwili kutoka Nje ya Riwaya Yetu

Ili kuona jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa, tumtazame mwandishi aliyeishi chini ya himaya ile ile ya Waingereza iliyotutawala sisi. Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengal, alichapisha hadithi fupi Sultana's Dream mwaka 1905. Msimulizi anajikuta katika nchi inayoendeshwa na wanawake, ambako wanaume ndio wanaotawishwa majumbani. Jikoni hamna moshi kwa kuwa chakula hupikwa kwa joto la jua. Maji huvutwa kutoka mawinguni kwa puto lililobuniwa na chuo kikuu cha wanawake. Chuo kingine kikabuni chombo cha kukusanya joto la jua.

Hossain hakuishia kuorodhesha maajabu. Anatueleza nani aliyebuni, vyuo viwili vilishindanaje, wanaume wanajeshi waliwadharau vipi wanasayansi hao, na ni vita gani vilivyogeuza mambo. Tena hafichi aliyepoteza: uhuru wa wanawake katika nchi hiyo umesimama juu ya kifungo cha wanaume, na kinaya hicho ndicho kinachomrudisha msomaji kwenye kifungo cha wanawake wa zama zake. Mwandishi huyu hakukaa akingojea ndoto itimie, kwani mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Filamu fupi Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu inaonyesha Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao wenyewe, na kila tone la jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye dalili ya uhai, anatoroka na kwenda kupanda mche jangwani. Dunia hii ni ya kutisha, lakini tumaini lake linaaminika kwa sababu tumeoneshwa thamani ya tone moja kabla ya kuona tone hilo likitolewa kwa mche. Jina la filamu ni la Kiswahili; mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Jambo hilo tutalirudia.

Nguzo za Ulimwengu wa Matumaini

Kutokana na mifano hiyo tunapendekeza nguzo tatu ambazo mtunzi chipukizi anaweza kuzitumia.

Nguzo ya kwanza ni kwamba mtambo hausimami peke yake. Mfano bora hautoki katika riwaya bali katika kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ambako vinu 365 vya upepo vilijengwa ili kutoa megawati 310 za umeme. Ujenzi wa vinu ulikamilika mwaka 2017. Upepo ulivuma, vinu vikawa tayari, lakini umeme haukumfikia mtu hadi mwaka 2018, kwa sababu njia ya kuusafirisha zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa haijamalizika. Tena mnamo Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria. Mtunzi mvivu angeandika: "Vinu vikazunguka, nchi ikang'aa." Mtunzi makini angejua kwamba kinu ni upepo, na waya, na ardhi ya wafugaji, na hakimu, na mkopo wa benki. Kila kimojawapo kina hadithi ndani yake.

Nguzo ya pili ni kwamba ulimwengu wa matumaini una migogoro. Wanafunzi wengi hudhani kuwa jamii bora haina hadithi, maana pasipo tatizo hapana msuko. Wazo hili hutokana na kuchanganya matumaini na raha. Hata katika nchi isiyo na njaa, ndugu watagombania urithi, mapenzi yatavunjika, na wazee watalalamika kwamba vijana hawaamkii. Kinachobadilika ni namna ya kuamua. Katika ulimwengu mbaya mgogoro huamuliwa na mwenye nguvu. Katika ulimwengu wa matumaini aliyeshindwa naye husikilizwa, na kesho yake anaweza kulileta shauri lake tena.

Nguzo ya tatu ni lugha, na hapa sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili tuna wajibu usiotekelezeka na mwingine. Tumeshuhudia ngamizi, tarakilishi na kompyuta zikigombania kiti kimoja. Leo tunashuhudia akili bandia, akili unde na akili mnemba. Huu si ubishi wa istilahi tu. Anayesema "bandia" ameshatoa hukumu, kwa kuwa noti bandia ni ya kukamatiwa. Anayesema "unde" anatukumbusha kitenzi kuunda, ambacho watu wa pwani wanakitumia kwa jahazi: kitu kilichoundwa kina fundi, kina mbao zilizotoka msitu fulani, na kina kasoro zinazoweza kuzibwa. Mtunzi atakayechagua mojawapo ya maneno haya katika riwaya yake atakuwa ameshaanza kuujenga ulimwengu, apende asipende.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika tukio la tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka nyotani. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, nayo ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Neno letu lilipanda angani. Mtambo haukuwa wetu. Mwaka 2018 setilaiti ndogo iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na wageni iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na mwaka 2023 ikafuata Taifa-1. Mambo yanasogea. Lakini katika Pumzi tuliona hatari iliyobaki: jina laweza kuwa letu, mtambo ukawa wetu hatimaye, na bado mazungumzo kati ya jina na mtambo yakafanywa kwa lugha nyingine.

Kuirudia Lamu

Baada ya swali la yule dada, hadithi ya Lamu iliandikwa upya. Ilianza kwa kuuliza Lamu ina nini tayari. Ina matuta ya mchanga ya Shela, ambayo chini yake ndimo yalimo maji matamu ya kisiwa, na ambayo yakijengwa hoteli maji hayo yatakuwa hatarini. Ina Matondoni, kijiji cha mafundi wa kuunda majahazi, ambako ujuzi hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Ina wavuvi wanaojua kila mwamba kwa jina.

Katika hadithi mpya mtambo wa kuchuja maji ni mdogo, nao umejengwa kwa sababu visima vya Shela vimeanza kuingiwa na chumvi. Ukiharibika usiku, anaitwa fundi wa Matondoni, binti aliyejifunza kwa babu yake kuziba nyufa za jahazi na ambaye sasa anatengeneza pampu. Analipwa na kamati ya mtaa, na kamati hukawia kumlipa. Swali la chumvi limekuwa kitovu cha msuko. Maji mazito ya chumvi yanayobaki baada ya uchujaji yakimwagwa palepale ufuoni huweza kuua viumbe wa miambani, na wavuvi wanalijua hilo kabla ya wataalamu. Sehemu kubwa ya hadithi ni baraza moja refu: wavuvi wanataka bomba lifikishwe mkondo wa nje, kamati inasema fedha hazitoshi, na binti fundi, mwenye baba mvuvi, ndiye ajuaye gharama halisi. Uamuzi unaofikiwa haumfurahishi kila mtu. Maji yatagawiwa kwa zamu kwa miezi minane ili fedha za bomba zipatikane.

Ajabu ni kwamba Lamu hii, yenye zamu za maji na fundi asiyelipwa kwa wakati, iliwapa wasikilizaji matumaini kuliko ile ya kwanza. Katika ile ya kwanza hapakuwa na kazi ya kufanywa na mtu yeyote. Katika hii ya pili kila mmoja aliona mahali angesimama. Wahenga walitukanya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulimwengu wa matumaini ni ule ambao mna watu wanaoziba nyufa, nao wanajulikana kwa majina.

Pingamizi na Majibu

Yapo mapingamizi yanayostahili heshima. Baadhi ya wahadhiri wetu husema kwamba bunilizi ya aina hii ni njozi za walioshiba, na kwamba mwandishi wa nchi yenye madarasa yasiyo na madawati hana haki ya kuota setilaiti. Tunajibu kwamba matajiri hawajawahi kungoja ruhusa ili waote kwa niaba yetu. Ramani za miji mipya, mabomba na reli huchorwa kila mwaka, na kila ramani ni bunilizi ya wakati ujao. Mwananchi asiyezoea kuuliza nani ataitwa mtambo ukiharibika hataliuliza swali hilo ramani itakapoletwa kijijini kwake.

Pingamizi la pili ni kwamba fasihi ya matumaini huweza kuwa tarumbeta ya serikali au ya kampuni. Hili ni kweli, na dawa yake imo katika nguzo tulizozitaja. Tangazo halitaji chumvi inamwagwa wapi. Hadithi inayolitaja haiwezi kutumiwa kwa urahisi kuuza chochote.

Hitimisho

Makala haya yamejadili ujenzi wa ulimwengu wa matumaini wenye teknolojia iliyopea, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina urithi wa sanaa hii kutoka Al-Inkishafi hadi Walenisi. Tumependekeza kwamba mtunzi aonyeshe mizizi ya mitambo, aache migogoro iishi, na achague maneno yake akijua kwamba kila istilahi ina ulimwengu ndani yake. Tunapendekeza pia mambo mawili ya kutendeka. Kwanza, Walenisi isomwe upya vyuoni kama bunilizi ya kisayansi, pamoja na kuwa istiari ya siasa. Pili, chama chetu kiwaalike wanafunzi wa uhandisi, kilimo na sheria katika vikao vya kusomeana hadithi, ili mtunzi aulizwe maswali ambayo sisi wa fasihi hatuna mazoea ya kuyauliza.

Yule dada wa Pate ameisoma hadithi ya pili. Amesema pampu sasa anaiamini, lakini anataka kujua ni kwa nini katika baraza lile hapana hata mwanamke mmoja mzee aliyesema neno, ilhali wao ndio wachota maji. Hadithi inaandikwa mara ya tatu.